Kikohozi cha Kijana, Kikohozi cha Mzee: Umri na Saratani ya Mapafu Dar es Salaam

Kariakoo kila kikohozi kina jina, na jina hilo hutolewa kwa kumtazama mkohoaji usoni. Akikohoa kijana anayebeba mizigo Mtaa wa Kongo, wenzake watasema TB, na pembeni wawili watanong'ona kuhusu virusi vya UKIMWI (VVU). Akikohoa mama lishe, ni moshi wa jiko. Akikohoa mzee anayeuza kahawa kwenye vijiwe vya Mchikichini, ni sigara zake za zamani, au basi tu, uzee. Majina yote hayo yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yanadumu. Tatizo ni kwamba saratani ya mapafu inaweza kukaa nyuma ya kila moja, na watu huwa hawaiulizi kwa sababu umri wa mgonjwa umeshatoa jibu.

Kauli zinazosikika mjini kuhusu ugonjwa huu zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Kuna wanaosema ni ugonjwa wa wazee waliovuta sana. Kuna wanaosema siku hizi unawakamata vijana hata wasiowahi kushika sigara. Wengine wanadai saratani ya kijana ni kali zaidi, inaua haraka. Wengine wanaona mzee akiipata hakuna haja ya kumhangaisha na matibabu. Si ajabu kauli zote nne zikatoka kwenye kinywa kimoja, kwenye benchi moja la kusubiria daktari. Inafaa kuzichukua moja moja na kuona kila moja imesimama juu ya nini.

Ugonjwa usioonekana kwa macho

Duniani hakuna saratani inayoua watu wengi kama ya mapafu. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, mwaka 2022 waligundulika wagonjwa wapya karibu milioni 2.5, na vifo vilikuwa milioni 1.8. Hapa kwetu picha ni nyingine. Kati ya wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 wa saratani zote wanaokadiriwa Tanzania kwa mwaka, zaidi ya 10,000 ni wa mlango wa kizazi peke yake. Zinafuata za matiti, tezi dume na umio. Ndizo zinazojaza mabenchi ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, na ndizo zinazozungumzwa redioni. Ya mapafu iko nyuma sana.

Upungufu huo una sababu mbili, na ni muhimu kutozichanganya. Ya kwanza ni ya kweli kabisa: Watanzania wanavuta kidogo wakilinganishwa na watu wa Ulaya au Asia. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 tu wanatumia tumbaku ya aina yoyote, wanaume 14.6 kwa mia na wanawake 3.2. Sababu ya pili ni ya kimahesabu. Mlango wa kizazi muuguzi anaweza kuutazama kwa macho kliniki, na uvimbe wa titi mwanamke anaugusa kwa mkono wake mwenyewe. Pafu limefungiwa ndani ya mbavu. Ili saratani yake ijulikane kwa jina, mgonjwa apigwe picha ya kifua, kisha CT skani, kisha apatikane daktari wa kuingiza sindano ndefu au mpira wenye kamera na kukata kinyama, kisha kinyama kisomwe na mtaalamu wa patholojia. Anayefia njiani kabla ya hatua ya mwisho anazikwa kama mgonjwa wa kifua. Kwa hiyo tunaposema "hapa ni nadra", tunasema pia, bila kutaka, kwamba hapa hukatwa vinyama vichache.

Kuhusu aina, msomaji anahitaji kujua tatu tu ili mjadala unaofuata ueleweke. Kuna saratani ya seli ndogo, inayofungamana sana na sigara na inayosambaa kwa kasi. Kuna ya seli bapa, inayoota zaidi kwenye njia kubwa za hewa, nayo ni rafiki wa sigara. Na kuna adenokasinoma, inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza ute, mara nyingi pembezoni mwa pafu. Hii huwapata wavutaji pia, lakini ndiyo inayoongoza kwa watu wasiovuta.

Hoja ya kwanza: ni ugonjwa wa wazee

Hoja hii ina misuli. Marekani, ambako takwimu zimetunzwa kwa miongo mingi, mgonjwa wa kawaida hugunduliwa akiwa na miaka 70 hivi, na walio chini ya miaka 40 ni wachache sana, mmoja au wawili katika kila mia. Sababu inaeleweka. Seli hupata hitilafu moja moja katika vinasaba vyake, na zinahitajika hitilafu kadhaa kabla seli haijaasi. Moshi wa sigara huongeza kasi ya hitilafu hizo, lakini hata kwa mvutaji mkubwa kati ya sigara ya kwanza na uvimbe hupita miaka 20, 30, hata zaidi. Muda ndio mtaji wa ugonjwa huu.

Nguvu nyingine ya hoja hii ni kwamba inatoa ushauri unaotekelezeka. Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, na ripoti yao ya mwaka 2004 ilionyesha kuwa anayeacha sigara akiwa na miaka 30 hurudishiwa karibu miaka yote 10 ambayo sigara ingemnyang'anya. Anayeacha akiwa na 60 hurudishiwa takriban 3. Ukiwa na takwimu kama hizo huhitaji mahubiri. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, ingawa yeyote anayepita Msimbazi anajua kwamba sigara huuzwa moja moja kwenye sinia la machinga, kati ya pipi na karanga, na sinia haliulizi mtu kitambulisho.

Udhaifu wake uko mahali pawili. Kwanza, imegeuzwa kutoka uwezekano kuwa kanuni: "wengi ni wazee" imekuwa "kijana hawezi". Pili, imetolewa kwenye nchi zenye wazee wengi. Nusu ya Watanzania hawajafika miaka 20. Ukimchukua mgonjwa wa wastani wa Marekani ukamtafuta Kariakoo, utamtafuta sana, kwa kuwa watu wa umri wake ni wachache sokoni, wawe wagonjwa au wazima.

Hoja ya pili: siku hizi ni ya vijana

Hapa panahitaji uangalifu, maana ndipo kosa kubwa la hesabu linapofanyika. Kwenye jiji lililojaa vijana, hata ugonjwa unaowapendelea wazee utaonyesha wagonjwa wengi wa makamo na vijana, kwa sababu tu ndio waliopo. Idadi ya wagonjwa vijana ni kitu kimoja. Hatari ya kijana mmoja ni kitu kingine. Dar es Salaam yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 inaweza kuwa na wagonjwa wengi wa miaka 45 bila hatari ya mtu wa miaka 45 kuwa kubwa kuliko ya mwenzake wa London.

Mfano mzuri wa mtego huu umetoka Marekani, kwa watu wenye UKIMWI. Kwa muda mrefu ilionekana kwamba wanapata saratani wakiwa wadogo mno kwa umri. Mwaka 2010 watafiti walirudia hesabu, safari hii wakizingatia kwamba watu wenye UKIMWI wenyewe kwa ujumla walikuwa na umri mdogo. Tofauti kwa saratani nyingi ikayeyuka. Kwa mapafu ilibaki, lakini ndogo: miaka 50 dhidi ya 54. Kwa Tanzania, ambako utafiti wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima wanaishi na VVU, hilo ni fundisho la pande mbili. VVU huongeza hatari ya saratani ya mapafu, hata baada ya kuhesabu sigara. Lakini havimgeuzi kijana kuwa mzee.

Je, hakuna kinachobadilika? Kipo. Mwaka 2018 Ahmedin Jemal na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa Wamarekani weupe na wenye asili ya Amerika ya Kusini waliozaliwa tangu katikati ya miaka ya 1960, wanawake vijana walikuwa wamewapita wanaume wa rika lao kwa saratani ya mapafu, na uvutaji peke yake haukutosha kueleza. Kitu kingine kinafanya kazi, na ndicho kinachowafanya watu waangalie hewa.

Mjini kwetu watuhumiwa wa hewa ni watatu: shisha, jiko na dizeli. Shisha ilipigwa marufuku mwaka 2016, na wengi huisema kama sababu ya saratani kwa vijana. Moshi wake si mchezo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu katika kikao kimoja cha saa nzima anaweza kuvuta moshi wenye ujazo mara 100 au zaidi ya ule wa sigara moja. Lakini ukirudi kwenye ile miaka 20 au 30, shisha iliyoenea kwenye baa za jiji karne hii haiwezi kuwa maelezo makuu ya wagonjwa wa leo wa miaka 35. Deni lake litaletwa baadaye, na litamkuta mdaiwa akiwa na miaka 55.

Jiko lina kesi nzito zaidi, ingawa hapa lugha inatupotosha. IARC imeuweka moshi wa makaa ya mawe unaochomwa ndani ya nyumba kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Moshi wa kuni na mimea umewekwa ngazi moja chini, "huenda". Watu husoma "makaa" wakafikiri ni gunia la mkaa wa miti kutoka Pwani na Morogoro. Ni vitu viwili. Mkaa wa miti hutoa moshi kidogo kuliko kuni, lakini Dar es Salaam imekuwa ikitumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi, na mama lishe hakai nao saa moja. Anakaa nao tangu alfajiri anapowasha hadi sahani ya mwisho ya wali inapouzwa, mara nyingi kwenye kichochoro ambacho upepo haupiti. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Kwa mapafu ya wanawake wa mjini huo ni mpango wa afya, hata kama umeandikwa kwenye karatasi za nishati.

Moshi wa dizeli uliingizwa na IARC kwenye kundi la kwanza mwaka 2012, na hewa chafu ya nje kwa ujumla mwaka 2013. Na mwaka 2023 timu ya Charles Swanton ya London ilieleza namna hewa hiyo inavyofanya kazi, na maelezo hayo yanagusa moja kwa moja suala la umri. Vumbi laini la hewa, walionyesha, halihitaji kuanzisha hitilafu mpya ya vinasaba. Ndani ya mapafu ya watu wazima wengi tayari zipo seli chache zenye hitilafu, zimelala. Vumbi huleta mwasho wa ndani kwa ndani, na mwasho huo ndio unaoziamsha. Kwa maneno mengine, hitilafu inaweza kuja na umri, halafu jiji likaipa chakula.

Hoja ya tatu: jina moja, magonjwa mawili

Wataalamu wa vinasaba wanasema tumeliuliza swali vibaya. Hawajali sana nani anaugua zaidi. Wanatazama uvimbe wenyewe, na wanaona kwamba uvimbe wa kijana na wa mzee mara nyingi si ndugu.

Uvimbe wa mzee aliyevuta sigara ni kama gari lililopata ajali nyingi: lina hitilafu kila mahali, na hakuna moja unayoweza kuirekebisha ukategemea gari liende. Ajabu ni kwamba wingi huo wa hitilafu unausaidia mwili kuutambua uvimbe kama kitu kigeni, hivyo dawa zinazoamsha kinga ya mwili hufanya kazi vizuri zaidi kwa wagonjwa wa namna hiyo. Uvimbe wa kijana asiyevuta kwa kawaida ni adenokasinoma yenye hitilafu moja kuu, kama swichi ya taa iliyokwama kwenye kuwaka. Swichi hizo zina majina: EGFR, ALK, ROS1, RET na nyingine. ALK iligunduliwa Japani mwaka 2007 na hupatikana kwa takriban wagonjwa 5 katika kila 100 wenye saratani isiyo ya seli ndogo, lakini huwaelemea zaidi vijana na wasiovuta. Katika uchambuzi wa wagonjwa 2,237 uliochapishwa Marekani mwaka 2016, kuwa na umri mdogo kuliongeza kwa asilimia 59 uwezekano wa kukutwa na swichi yenye dawa yake.

Na dawa zipo. Ni vidonge, mgonjwa anameza nyumbani. Paul Kalanithi, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani aliyefariki mwaka 2015 akiwa na miaka 37, hakuwa mvutaji. Uvimbe wake ulikuwa na hitilafu ya EGFR, na vidonge vilimrudisha chumba cha upasuaji kwa miezi kadhaa. Dawa mpya zaidi zimekwenda mbali. Kwa wagonjwa wa ALK waliopewa lorlatinib, asilimia 60 walikuwa bado hawajaona ugonjwa ukisonga mbele baada ya miaka mitano, kwa matokeo yaliyotolewa 2024. Kwa saratani iliyokwisha kusambaa, takwimu hiyo ingechekwa miaka 20 iliyopita.

Hoja hii inasadikika, ila isipimwe kwa mizani ya nchi tajiri. Tafiti zake nyingi ni za Marekani, Ulaya na Asia Mashariki, na mgawanyo wa hitilafu hizi hubadilika sana kati ya jamii na jamii. EGFR, kwa mfano, ni ya kawaida zaidi kwa wagonjwa wa Asia Mashariki kuliko kwa wazungu. Halafu kuna hatari ya kuifanya kanuni nyingine ya kubagua. Mzee wa miaka 72 asiyewahi kuvuta anaweza kuwa na ALK. Kijana wa miaka 38 aliyeanza sigara akiwa na 14 anaweza kuwa na uvimbe wa "kizee". Kipimo cha vinasaba kinasoma uvimbe. Hakisomi kitambulisho cha NIDA.

Vipi kuhusu ukali? Dai kwamba saratani ya kijana huua haraka lina msingi, lakini umechanganywa. Vijana wengi zaidi hufika ugonjwa ukiwa umesambaa. Ule uchambuzi wa 2016 ulikuta walio chini ya miaka 40 waliishi muda mfupi kuliko wa makamo, wakikaribiana na walio juu ya 70. Tafiti nyingine zinazolinganisha hatua kwa hatua zinakuta kijana anaishi zaidi kidogo, kwa sababu figo na moyo wake vinavumilia dawa. Ninavyosoma matokeo hayo, sehemu kubwa ya kinachoitwa ukali ni uchelewaji.

TB, kivuli cha kila kifua

Na uchelewaji wa Dar es Salaam una jina. Robert Koch, aliyemtangaza kimelea wa TB mwaka 1882, alifanya utafiti katika mji huu huu mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati Wajerumani wamemaliza kujenga hospitali ya ufukweni ambayo leo ndiyo Ocean Road. Zaidi ya karne baadaye Tanzania bado imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB duniani, na vichochoro vya Ilala vyenye vyumba vya watu sita ni shamba lake.

Kwenye picha ya kifua, doa la saratani na doa la TB yanaweza kuvaa nguo moja. Dalili zao nazo ni zilezile: kikohozi kisichoisha, jasho, kukonda, damu kwenye makohozi. Kipimo cha GeneXpert ni kizuri, lakini kikisema "hakuna", TB haijafutwa kabisa, hasa kwa mwenye VVU. Daktari mwenye foleni ndefu anatazama picha, anamtazama kijana wa miaka 32 mbele yake, anaanzisha dawa. Yuko sahihi mara nyingi sana. TB ni ya kawaida mno kuliko saratani katika umri huo, dawa zake ni za bure, na kuichelewesha kunaua na kuambukiza. Mtu anayewalaumu madaktari kwa hilo hajakaa na hesabu.

Gharama ya usahihi huo inalipwa na wachache. Matibabu ya TB ni miezi sita. Kijana mwenye adenokasinoma akimeza dawa za TB miezi sita, na mwanzoni akapata nafuu kidogo kwa sababu nimonia iliyokaa nyuma ya uvimbe imetibika, atarudi mwaka unaofuata akiwa na maumivu ya mgongo. Na mgongo wa mtu anayebeba marobota ya mitumba Mtaa wa Swahili, nani ataufikiria saratani iliyofika kwenye mfupa? Atauziwa dawa ya kuchua. Kichwa kikimuuma mfululizo, ni malaria, au ni madeni. Nguvu za ujana zenyewe zinamsaliti: pafu moja likizibwa nusu, lingine linafanya kazi ya wawili, na anaendelea kupandisha mzigo ghorofani.

Kwa mzee kosa huja kwa mlango mwingine. Kikohozi chake kina miaka 15, familia imekizoea. Kikibadilika sauti, kikawa kikavu, koo likakwaruza wiki tatu, hakuna anayesikia tofauti. Ana presha, ana moyo, ana pumu ya uzeeni. Kila dalili ina mwenyewe tayari. Kovu la TB aliyotibiwa miaka ya 1980 linatosha kueleza doa lolote kwenye picha, wakati kovu hilohilo linaongeza hatari ya saratani kuota. Kijana, kwa hiyo, hucheleweshwa na utambuzi mwingine wenye nguvu, na mzee na mazoea. Kati ya tofauti zote zinazotajwa kati ya rika hizi mbili, naona hii ndiyo inayoamua mambo Kariakoo, kuliko ALK na EGFR.

Nani analipa, na kwa umri gani

Kwa sera, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo hutibiwa bure katika vituo vya serikali, na saratani ni miongoni mwa magonjwa yenye msamaha. Lakini msamaha wa saratani unaanza pale jina la saratani linapoandikwa. Njia ya kufika kwenye jina hilo, ile CT skani, kinyama, nauli za kurudi kuuliza majibu, anailipia mwenyewe machinga wa miaka 34 ambaye si mzee wala si mwajiriwa mwenye kadi ya bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023. Ni watu wa umri huo na kazi hiyo ambao itapimwa kwao.

Baada ya jina kuna mgawanyiko mwingine. Muhimbili na Aga Khan ziko Upanga, Ocean Road ni kilomita chache kutoka sokoni, na tangu 2018 taasisi hiyo ina mashine za kisasa za mionzi. Kwa eneo, mgonjwa wa Kariakoo ana bahati kuliko wa Tunduru. Kemo na mionzi anavifikia. Kipimo cha hitilafu za vinasaba na vidonge vinavyozilenga ni habari nyingine, na ndivyo hasa vinavyomtofautisha kijana. Erlotinib, kidonge cha EGFR, iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, na aina zake zisizo na chapa zinatengenezwa India. Dawa za ALK bado ni za wenye fedha au wenye ndugu nje. Familia inaweza kuuza kiwanja Chanika kumnunulia kijana miezi minne ya vidonge. Kwa mzee swali la kiwanja halifiki hata kuulizwa. Mara nyingi ni yeye mwenyewe anayekataa, au wanawe wanamficha jina la ugonjwa wakamwambia ni "uvimbe kidogo".

Kuhusu kuwa matibabu ya mzee ni kumtesa, ushahidi hauko upande huo. Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walitoa matokeo ya wagonjwa 451 wenye umri wa miaka 70 hadi 89. Waliopewa dawa mbili za kemo pamoja waliishi wastani wa miezi 10.3, dhidi ya 6.2 kwa waliopewa moja. Miezi minne, na madhara yaliongezeka, hilo lisifichwe. Kwa mzee mmoja miezi minne ni ndoa ya mjukuu, kwa mwingine ni dripu na kutapika. Uchaguzi huo ni wake, mradi aambiwe kuna uchaguzi.

Tukizipima

Hoja ya wazee inashinda kwenye kinga: vita ya sigara ndiyo itakayookoa wengi, na kwa bei ndogo kuliko mashine yoyote. Inashindwa kwenye chumba cha daktari. Hoja ya vijana inashinda kama onyo kuhusu hewa na jiko, inashindwa kama takwimu mpaka ionyeshe hatari badala ya idadi. Hoja ya magonjwa mawili ndiyo yenye sayansi nzuri zaidi na faida ndogo zaidi kwa sasa, kwa kuwa inaanzia kwenye kinyama ambacho wengi hawajakatwa.

Wapo wanaopendekeza tuige Marekani, tuwapitishe watu kwenye CT skani kabla hawajaumwa. Utafiti mkubwa wa huko wa mwaka 2011 ulipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20, na hilo si jambo dogo. Lakini ulihusu wavutaji wakubwa wa miaka 55 hadi 74, na kati ya picha zilizotiliwa shaka, zaidi ya 96 katika kila 100 hazikuwa saratani. Weka makovu ya TB ya Dar es Salaam juu ya hapo, na mji mzima utakuwa na madoa ya kuchunguza. Mashine hizo chache zitajaa watu wasioumwa, na kijana wa Mtaa wa Kongo, ambaye hata hivyo asingestahili kwa umri, atasubiri zaidi.

Fursa ya bei nafuu iko kwenye kitu ambacho tayari tunacho. Mgonjwa wa TB hurudi mwezi wa pili kupimwa makohozi na uzito kabla ya kubadilishiwa dawa. Pale mezani, kwa yule ambaye TB yake haikuwahi kuonekana kwenye kipimo, ikasomwa kwenye picha tu, yanatosha maswali mawili: uzito umepanda? Picha imesafika? Majibu yakiwa hapana, rufaa iandikwe siku hiyo, akiwa na miaka 28 au 58. Na kwa mzee wa Mchikichini aliyeletwa na wanawe, kabla mtu hajaandika mwaka wa kuzaliwa kwenye fomu na kufikia uamuzi, kuna swali la tatu ambalo madaktari wa saratani hulitegemea kuliko umri: asubuhi ya leo alioga na kuvaa mwenyewe, akatembea hadi kituo cha mwendokasi, au alibebwa?